Akupancha na Ugumba wa Wanawake: Sindano Zinasaidia Wapi, na Wapi Hazifiki

Mwanamke akikaa kwenye ndoa miaka miwili bila kushika mimba, ushauri humjia kutoka kila upande. Mama mkwe ana mitishamba yake, rafiki wa kazini ana nambari ya simu ya mtaalamu wa mjini, na bango la kando ya barabara linaahidi mtoto baada ya miezi mitatu. Siku hizi, katika ushauri huo imo pia akupancha, tiba ya sindano iliyotoka China.

Kabla hujafungua mkoba, una haki ya kuuliza: tiba hii inafanya kazi? Makala haya yanakueleza yale ambayo watafiti wamegundua, ili wewe na mwenzako muamue mkiwa na habari kamili.

Ugumba ni nini?

Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema ugumba ni hali ya wanandoa kukosa kupata mimba baada ya kukutana kimwili mara kwa mara, bila kinga, kwa miezi 12 au zaidi. Mwaka wa 2023 shirika hilo lilitoa ripoti inayoonyesha kwamba takriban mtu mzima 1 kati ya 6 duniani hukumbwa na tatizo hili wakati fulani maishani. Kwa hivyo si laana wala si jambo la kumwonea mtu aibu.

Kwa upande wa mwanamke, sababu kuu ni hizi:

- Yai kutopevuka kila mwezi. Mara nyingi chanzo ni hali inayoitwa PCOS, ambapo homoni hukosa mizani, hedhi hupotea au huchelewa, na vifuko vidogo vya mayai hurundikana kwenye ovari.
- Mirija ya uzazi kuziba. Hii hutokana na maambukizi ya nyonga, hasa klamidia na kisonono ambayo hayakutibiwa, au maambukizi baada ya kujifungua au baada ya mimba kuharibika.
- Uvimbe katika mfuko wa uzazi, au tishu zinazofanana na za ndani ya mfuko huo kuota nje yake.
- Umri. Uwezo wa kushika mimba hupungua, na kasi ya kupungua huongezeka baada ya miaka 35.

Tusisahau kwamba katika takriban nusu ya wanandoa wenye tatizo hili, upande wa mwanamume unachangia. Hata hivyo, mara nyingi ni mke pekee anayezungushwa kwa madaktari na waganga, huku mume hajapimwa hata mara moja.

Akupancha hufanywaje?

Mtaalamu huchoma sindano nyembamba sana, zisizo na dawa, katika sehemu maalumu za mwili kama vile tumbo la chini, miguu, mikono na kichwa. Sindano hukaa kwa takriban nusu saa. Wengine huziunganisha na mkondo mdogo wa umeme.

Mafundisho ya jadi ya Kichina yanasema mwili una njia za kupitishia nguvu ya uhai, na sindano huzifungua. Wanasayansi wa leo wanaangalia zaidi mishipa ya fahamu. Mwaka wa 1996, watafiti wa Uswidi waliwapa wanawake 10 wenye ugumba akupancha ya umeme, wakaona damu ikipita kwa urahisi zaidi katika mishipa ya mfuko wa uzazi. Hapo ndipo matumaini ya wengi yalipoanzia. Lakini damu kupita vizuri ni jambo moja, na mtoto kuzaliwa ni jambo jingine.

Utafiti unasema nini?

Mwaka wa 2002, madaktari nchini Ujerumani walichapisha utafiti wa wanawake 160 waliokuwa wakitungishwa mayai nje ya mwili, yaani IVF. Waliopata akupancha walishika mimba kwa asilimia 42.5, na wasioipata kwa asilimia 26.3. Habari hizo zilienea duniani kote, na hadi leo zinatumika kutangazia biashara.

Utafiti huo ulikuwa na upungufu mmoja. Waliokosa akupancha walijua wameikosa. Mtu akiamini ametibiwa, utulivu huo peke yake unaweza kubadilisha mambo. Ili kujua nguvu ya sindano yenyewe, lazima kundi la pili nalo lipewe sindano za kuigiza, bila mgonjwa kujua yuko kundi gani.

Hilo lilifanywa baadaye, mara mbili, kwa idadi kubwa ya wanawake.

Utafiti wa kwanza ulichapishwa mwaka wa 2017. Ulifanyika China, nyumbani kwa akupancha, katika vituo 21 vya utafiti, kwa wanawake 1,000 wenye PCOS. Waligawanywa kwa kura. Wengine walipata akupancha halisi na wengine ya kuigiza, mara mbili kwa wiki, hadi vikao 32. Papo hapo, wengine walipewa klomifeni, tembe za kuamsha ovari, na wengine tembe zisizo na dawa. Matokeo yalikuwa hivi:

- Klomifeni na akupancha halisi: takriban wanawake 29 katika kila 100 walijifungua mtoto hai.
- Klomifeni na sindano za kuigiza: 28 katika kila 100.
- Akupancha halisi bila klomifeni: 14 katika kila 100.
- Sindano za kuigiza bila klomifeni: 17 katika kila 100.

Soma tarakimu hizo tena. Dawa ndiyo iliyoongeza watoto. Sindano hazikuongeza.

Utafiti wa pili ulichapishwa mwaka wa 2018, kutoka Australia na New Zealand, ukiwa na wanawake 848 waliokuwa wakifanyiwa IVF. Waliopata akupancha halisi walijifungua kwa asilimia 18.3, na waliopata ya kuigiza kwa asilimia 17.8. Tofauti hiyo ni ndogo mno kuweza kuitegemea.

Basi haina faida yoyote?

Ina faida, ila si ile inayotangazwa. Kutafuta mtoto kwa miaka kunachosha mwili na moyo. Wanawake wengi husema baada ya kikao hujisikia wametulia na hulala vizuri. Zipo pia tafiti zinazoonyesha kwamba huenda ikapunguza maumivu ya hedhi, ingawa ushahidi wake bado si imara. Anayeitaka kwa ajili ya utulivu, huku akiendelea na matibabu ya hospitali, hakosei. Tatizo huanza pale sindano zinapochukua nafasi ya vipimo.

Mfano wa kujifunza

Tuchukue mwanamke wa miaka 36 ambaye mirija yake imeziba lakini hajui. Anaanza akupancha mara mbili kwa wiki. Tuseme kila kikao ni shilingi 2,000. Kufikia kikao cha 32 atakuwa ametumia shilingi 64,000 na miezi minne. Hakuna sindano ya akupancha inayozibua mrija ulioziba. Picha ya eksirei ya mirija ingemwonyesha tatizo kwa siku moja. Pesa zinaweza kutafutwa tena, lakini katika umri huo miezi iliyopotea hairudi.

Ukiamua kuitumia, jilinde

1. Hakikisha sindano ni mpya, zimefungwa, na zinafunguliwa mbele yako. Sindano iliyotumika inaweza kuambukiza Ukimwi na homa ya ini.
2. Muulize mhudumu alisomea wapi na uombe kuona cheti chake cha usajili. Leseni ya biashara iliyotundikwa ukutani inaonyesha kwamba amelipia kuendesha biashara. Haithibitishi ujuzi wa tiba.
3. Mweleze kama unatumia dawa za kupunguza kuganda kwa damu, una kifaa cha moyo, au unahisi huenda una mimba.
4. Ukipewa mitishamba pamoja na sindano, mwonyeshe daktari wako kwanza. Baadhi hudhuru ini au mimba changa.
5. Usiache dawa ulizoandikiwa hospitalini.
6. Ukisikia maumivu ya kifua au kukosa pumzi baada ya kuchomwa kifuani au mgongoni, nenda hospitali mara moja. Huenda pafu limetobolewa.
7. Anayekuhakikishia kwamba lazima utapata mtoto, mwepuke.

Wapi pa kuanzia

Kama umejaribu kwa miezi 12, au miezi 6 ikiwa umefikisha miaka 35, nendeni wote wawili katika kituo cha afya. Kama hedhi yako hupotea, au uliwahi kuugua maambukizi ya nyonga, usisubiri muda huo uishe. Andika tarehe za hedhi zako za miezi michache iliyopita na uende nazo.

Mke atapimwa homoni, atafanyiwa picha ya ultrasaundi na, ikihitajika, ya mirija. Mume atapimwa mbegu. Kipimo chake ni rahisi na hakina maumivu, kwa hivyo hakuna sababu ya kukiweka mwisho. Kituo kisipokuwa na vipimo hivyo, omba barua ya rufaa ya kwenda hospitali kubwa zaidi. Wakati huohuo, mwanamke anayetafuta mimba anashauriwa kumeza asidi ya foliki mikrogramu 400 kila siku, ili kumkinga mtoto na kasoro za uti wa mgongo.

Kama hujui pa kwenda, zungumza na mhamasishaji wa afya ya jamii wa kijijini au mtaani mwako. Kuuliza si ujinga. Na wewe mama mkwe, shemeji au jirani unayesoma haya, kabla ya kumwuliza mke wa watu atazaa lini, uliza kwanza kama mume naye amepimwa.