Umetundika Raba, Sasa Unaitaka Filimbi

Msimu wako wa mwisho chuoni Marekani umekwisha, NBA haikupiga simu, na mpira wa kikapu bado uko damuni. Unataka ukocha wa chuo? Jina lako la uwanjani litakupigia hodi tu. Kukaa ndani kunataka kazi.

1. Anza na kocha wako. Mwambie mapema, kabla hujaaga chuo, kwamba unataka kufundisha. Makocha huajiri watu wanaowajua, na simu yake moja inaweza kushinda wasifu mia.

2. Usidharau pa kuanzia. Brad Stevens aliacha ajira yake katika kampuni ya dawa ya Eli Lilly mwaka 2000, akaenda kujitolea katika timu ya Chuo Kikuu cha Butler. Mwaka 2007, akiwa na miaka 30, alikabidhiwa timu. Akaifikisha fainali ya taifa 2010 na 2011.

3. Jifunze kukata video. Mazoezi yakiisha, kocha anataka kuona wapinzani wanavyocheza. Erik Spoelstra alianzia chumba cha video cha Miami Heat mwaka 1995. Akiwa kocha mkuu, akatwaa ubingwa wa NBA 2012 na 2013.

4. Tazama nje ya Divisheni I, ngazi ya juu ya mashindano ya vyuo. Kuna Divisheni II na III, vyuo vya chama kingine cha michezo, NAIA, na vyuo vya miaka miwili. Huko wasaidizi ni wachache, kwa hiyo utashika kila kitu, kuanzia safari za timu hadi kusaka vipaji. Shaka Smart alianza kama msaidizi Divisheni II. Mwaka 2011 aliiingiza timu ya chuo cha VCU nusu fainali ya taifa.

5. Jua majira ya ajira. Machi na Aprili makocha huhama na kuachishwa, na kocha mpya huja akitafuta watu wake. Wikiendi ya Final Four, yaani nusu fainali na fainali ya taifa, wengi hukutana katika mji wa mashindano. Nenda, salimia, sikiliza.

6. Fundisha kambi za kiangazi. Ukimwelekeza mtoto wa miaka kumi akakuelewa, makocha waliosimama pembeni wameshakuona.

7. Punguza hadithi za pointi zako. Kwenye mahojiano, eleza utakavyomsaidia kijana wa miaka 18 aliyekosa namba. Kama nawe uliwahi kusugua benchi msimu mzima, liseme bila haya: kijana huyo anamhitaji mtu anayejua benchi lilivyo gumu.