Mtu Mzima Kuitwa Boi

Ukisimama Tunduma mpakani, njia ya kusini inakwenda Zambia. Wakati wa ukoloni wanaume wengi wa nyanda zetu walikwenda huko kutafuta fedha ya kodi. Wengine walichimba shaba. Wengine waliandikwa kazi na Wenela, wakala wa wenye migodi, wakafika hadi Afrika Kusini kuchimba dhahabu. Huenda babu yako alikuwa mmoja wao.

Iko riwaya juu ya watu kama hao. Riwaya ni hadithi ndefu ya kubuni. Inaitwa Mine Boy, yaani Boi wa Mgodini. Aliyeiandika ni Peter Abrahams, mzaliwa wa Johannesburg. Ilitolewa mwaka 1946. Neno boi wazee wetu walilijua sana. Baba wa watoto sita aliitwa boi na kijana wa Kizungu.

Katika kitabu hiki, Xuma anatoka kijijini kwenda Johannesburg. Anapata kazi mgodini, anakuwa nyapara chini ya Mzungu aitwaye Paddy. Mtu mweusi hatembei mjini bila pasi. Mama Leah, aliyempokea Xuma, anafungwa miezi tisa kwa kuuza pombe. Mchimbaji mmoja anakohoa damu, lakini anaficha ugonjwa wake kwa sababu ana deni.

Siku moja mgodi unaporomoka. Johannes, mtu mweusi, na Chris, Mzungu, wanauzuia mwamba ili wenzao watoke. Wote wawili wanakufa. Wakubwa wanataka kazi iendelee. Xuma anakataa: mgodi utengenezwe kwanza. Paddy anaungana naye. Polisi wanampeleka Paddy kifungoni, na Xuma anakimbia. Baadaye anaamua kwenda polisi mwenyewe, awe pamoja na mwenzake.

Hapo ndipo wasomaji wamebishana miaka mingi. Wengine wanauliza: mbona Mzungu ndiye anamfundisha Xuma kudai haki? Mtu mweusi hakujua kwamba anaonewa? Wengine wanajibu kwamba mnyonge akipata mwenzi wa kweli, haulizi rangi yake. Mimi naona wa kwanza wana hoja, maana Paddy anasema mengi mno. Lakini aliyekataa kwanza kushuka mgodini ni Xuma.

Jadilini darasani:

1. Kwa nini mgonjwa alificha ugonjwa wake? Wewe ungefanyaje?

2. Nani katika ukoo wenu alikwenda migodini? Alirudi na nini?

3. Xuma alikuwa amekwisha kuponyoka. Je, alifanya vema kurudi?