Kiwanja cha Mama na Tiba ya Wakala

Shangazi, dada yangu ana saratani ya titi iliyofika kwenye mifupa. Wakala anayepeleka wagonjwa India anasema ipo tiba ya dawa kali pamoja na kupandikizwa seli shina, itamaliza ugonjwa wote. Jirani yetu alifanyiwa, akapona. Kaka anataka tuuze kiwanja tulichoachiwa na mama. Mimi nasita, na ndugu wameanza kuniona mchoyo. – Msomaji, Tanga

Pole sana mwanangu. Uchoyo siuoni. Na kiwanja msikiuze kwa ajili ya tiba hiyo.

Dawa za kemo huua seli zinazozaliana haraka: za saratani, lakini pia za uboho, ule ulio ndani ya mifupa unaotengeneza damu. Uboho ukifa, maambukizi madogo tu yanaweza kumwondoa mtu, ndiyo maana daktari haongezi dozi apendavyo. Basi ikabuniwa njia: wanavuna seli shina za mgonjwa mwenyewe, wanazigandisha, wanampa dawa nyingi mno, kisha wanamrudishia seli zake ili uboho uote upya. Kwa hiyo seli zile zinamwokoa mgonjwa na dawa. Saratani yenyewe haziigusi. Wakala akikwambia seli mpya zitapigana na ugonjwa, ujue yuko sokoni.

Marekani waliipenda mno tiba hii miaka ya 1980 na 1990, na maelfu ya wanawake wenye saratani ya matiti waliipata. Bima zilipogoma kulipa, watu walikwenda mahakamani. Nelene Fox wa California alifariki Aprili 1993; Desemba mwaka huohuo jopo la raia likaamuru kampuni yake ya bima ilipe dola milioni 89. Bima nyingi zikanywea, ilhali ushahidi ulikuwa bado haujaja.

Ushahidi ulikuja Mei 1999, kwenye mkutano wa madaktari wa saratani huko Atlanta, matokeo ya majaribio matano kwa mpigo. Katika manne, waliopewa dozi kubwa hawakuonekana kuishi zaidi ya wenzao, na mateso waliyapata. La tano, la Werner Bezwoda wa Johannesburg, lilitangaza ushindi. Mapema mwaka 2000 wakaguzi kutoka Marekani wakaenda kufungua mafaili yake, wakakuta hayalingani na aliyoyasema. Akakiri kudanganya, chuo kikuu kikamfukuza. Fikiria wanawake waliokuwa wamelazwa wakati huo kwa kumwamini.

Jirani yenu mwulizeni aliugua nini hasa. Nashuku ni saratani ya damu, kama maieloma au limfoma. Huko tiba hii ina kazi yake mpaka leo. Kupona kwake ni kweli, ila ugonjwa wake si wa dada yako.

Saratani ya titi ikishafika mifupani kwa kawaida haiondoki kabisa, lakini huweza kuzuiwa, kwa wengine miaka kadhaa. Ulizeni majibu ya kinyama alichokatwa: je, vipokezi vya homoni vilipimwa? Na protini iitwayo HER2? Kama vya homoni vipo, kuna vidonge kama tamoksifeni. Kama HER2 imezidi, kuna trastuzumabu. Mionzi hupunguza maumivu ya mifupa. Hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, wanaijua kazi hii, na huko ndiko ningeanzia kabla ya kutafuta pasipoti.

Kaka yako usibishane naye. Mpe kazi: amsindikize dada kliniki, amwulize daktari mwenyewe, mbele ya mgonjwa, tiba ya wakala inafaa nini kwa saratani hii. Mwanamume akisikia kwa daktari, huwa hasikii tena kwamba ndugu yake anambishia.

Jambo moja limenikaa kooni. Barua yako imejaa kaka, jirani, wakala na kiwanja. Alichokisema dada yako mwenyewe sikukiona. Mkalisheni, mumwulize anataka nini. Pesa mtakazochanga ziende kwenye nauli ya Tanga na Dar, mahali pa kulala siku za mionzi, na dawa za maumivu zisimwishie usiku.