Dondoo muhimu: Ukiifanya roboti kuwa mshauri wako

Ikiwa ChatGPT au programu nyingine ya akili unde ndiyo unayoiuliza kuhusu kozi, kazi na maisha, zingatia haya:

• Eleza uko wapi na una shilingi ngapi. Usiposema, huenda ukapewa ushauri unaomfaa mtu wa Marekani.

• Usiombe sifa. Programu hizi hupenda kukubaliana na mwulizaji, basi iagize: "Nitajie sababu tatu za mpango huu kufeli."

• Masharti ya kozi yahakikishe kwa KUCCPS, huduma ya kugawa nafasi za vyuo nchini Kenya, au nenda Chuo Kikuu cha Pwani ukaulize. Roboti inaweza kubuni jibu na kulitoa bila kusita.

• Ploti ya Watamu au Mtwapa? Usitoe hata senti kwa neno la roboti. Hati ikaguliwe katika ofisi ya ardhi, kisha waulize majirani na wazee wa mtaa. Migogoro ya ardhi Kilifi ni mingi mno kuachiwa simu.

• Usiandike nambari ya kitambulisho, PIN ya M-Pesa, wala siri za watu wa nyumbani.

• Msimu wa kusi, habari za bahari waulize nahodha na Idara ya Hali ya Hewa.

• Mtafute pia mtu: mwalimu, fundi, mama mwenye duka. Roboti haitakupeleka kwa meneja wa hoteli na kusema, "Huyu namjua."

• Moyo ukilemewa, usikeshe ukiiandikia roboti: piga 1199, laini ya bure ya Msalaba Mwekundu wa Kenya, mtoto apige 116.