TUSIKILIZE TENA: WIMBO «TOMORROW» WA ORKESTRA U2



Wengi wanajua orkestra U2 kwa diski yao ya 1987, «The Joshua Tree». Zile nyimbo ni nzuri, hatuzikatae. Lakini leo tunataka kujifunza wimbo mmoja wa mbele yake, wa mwaka 1981, wenye watu hawautaje sana. Jina lake ni «Tomorrow», ni kusema «Kesho».

1. Waimbaji ni nani?

Walikuwa wanafunzi sawa sisi. Mwaka 1976, kule Dublin, mji mkuu wa Ayalandi, kijana wa miaka 14, Larry Mullen, alibandika tangazo kwenye ubao wa shule yao, Mount Temple: anatafuta wenzake wa kupiga muziki. Shule ile ilitoka kwa Waprotestanti, lakini ilipokea watoto wa madhehebu mbalimbali. Walikutana mara ya kwanza jikoni, katika nyumba ya wazazi wa Larry. Nyuma walibaki wane: Larry kwa ngoma, Adam Clayton kwa gita ya besi, David Evans, anayeitwa The Edge, kwa gita, na Paul Hewson, anayeitwa Bono, kwa sauti.

2. Wimbo unasema nini?

Mwezi wa Septemba 1974, babu yake Bono alikufa. Siku ya mazishi, mama yake Bono, Iris, akaanguka, na siku chache nyuma yake akafariki naye. Bono alikuwa na miaka 14. Katika wimbo tunakuta gari nyeusi imesimama kando ya barabara, mtu anapiga hodi mlangoni, na mwingine anauliza kama aliyekwenda atarudi kesho. Neno mazishi halitajwe hata kidogo.

Jambo la kushangaza ni hili: Bono mwenyewe alieleza kwamba kwanza alifikiri anaimba juu ya matata ya Ayalandi ya Kaskazini. Nyuma njo alitambua kwamba yale ni mazishi ya mama yake.

3. Tusikilize muziki wenyewe

Wimbo unaanza polepole na zumari ya kienyeji ya Ayalandi, yenye mfuko wa hewa unaobanwa na kiwiko. Aliyeipiga ni Vinnie Kilduff. Ni chombo cha mababu, kimewekwa pamoja na gita ya umeme. Sauti inaingia chini chini. Halafu ngoma inaamka, mwendo unakuwa wa mbio, na maombolezo yanageuka maombi. Mwimbaji anauliza nani alipasua pazia (wasomaji wa Matayo 27 wanajua ni pazia gani), tena anamwita Mwana-Kondoo wa Mungu. Watatu kati yao wane walikuwa katika kikundi cha waamini, na wakati ule walijiuliza sana kama mkristo anaweza kupiga muziki wa roki.

4. Juu ya nini ulisahauliwa?

Diski yake, «October», ilitengenezwa kwa haraka. Mwezi wa Machi 1981, huko Portland, Marekani, mfuko wenye maneno ya nyimbo ulipotea. Ulirudi kwa Bono mwaka 2004. Kwa hiyo alilazimishwa kutunga mengi palepale studioni. «October» iliishia namba 11 Uingereza. Mwaka 1983 ikatoka «War», ikapanda mpaka namba 1, na ile ya nyuma ikafunikwa.

5. Somo kwetu

Sisi tunaopita usiku kuzima taa katika nyumba za kulala tunajua: kuna mwenzetu anatoka kuzika mzazi, na Jumatatu iko darasani sawa hakuna kitu. Tunamwambia: «Jikaze, wewe mwanaume.» Kisha tunashangaa juu ya nini anagombana kwa sahani ya maharagi, au juu ya nini hesabu zinamshinda. Wimbo huu unatuonyesha kwamba tangu mama alipokufa mpaka mtoto kupata maneno ilipita miaka 7, na hata pale alifikiri analilia kitu kingine. Basi tusimharakishe mwenye msiba, na tusimwache peke yake. Kukaa naye kimya kwa kitanda chake ni msaada pia.

Tena, wale wanaosema gita haifae kwa maombi, wasikilize mpaka mwisho kwanza, kisha waseme.

Maswali ya kujadiliana

a) Zumari ya mababu inaongeza nini katika wimbo huu? Kwetu, chombo gani kingeweza kufanya kazi ile?
b) Juu ya nini mtu anaweza kulia bila kujua analilia nini?
c) Tufanye nini, sisi wanafunzi, mwenzetu anaporudi kutoka matanga?

Andikeni majibu kwa karatasi, muyalete kwa meza ya buletini mbele ya Ijumaa.