Msumari katika Majani

Katika milima ya Fizi watu hufuga ng'ombe, nao ni mali kubwa. Lakini fundi akipigilia mabati, misumari huanguka majanini.

Ng'ombe huzoa majani kwa ulimi na kumeza upesi. Hutafuna vizuri baadaye, anapocheua. Basi humeza na msumari pia.

Ng'ombe ana matumbo manne. Msumari hukaa katika tumbo la pili, karibu na moyo. Tumbo likijikaza, ncha hutoboa, na pengine hufika moyoni. Ng'ombe huacha kula, husimama amepinda mgongo, na mwisho aweza kufa.

Watoto wa Fizi na Baraka, mkikata majani karibu na nyumba mpya, yakung'uteni kwanza. Msumari mkiuona, uokoteni.

Maswali
1. Kwa nini ng'ombe humeza msumari?
2. Tumbo la pili li karibu na nini?