Bibi wa Sentimita 26: Somo la Kubuni Kikaragosi na Dunia Yake Ndogo

Somo la toleo hili ni la mikono. Tutajifunza kubuni kikaragosi pamoja na mahali anapoishi, kwa ajili ya filamu ya picha moja moja: unamsogeza kidogo, unapiga picha, unamsogeza tena, unapiga tena, mpaka picha zikipitishwa haraka anaonekana anatembea mwenyewe.

Kwa nini tujisumbue? Kwa sababu watoto wetu wanaokulia huku wanaangalia katuni kutwa, na ni nadra sana kumwona humo bibi aliyejifunga kanga na anayeongea Kiswahili. Tukisubiri studio kubwa zitukumbuke, watoto watakuwa wameshakua.

Kazi yenyewe si ngeni. Mwaka 1912, huko Urusi, Ladislas Starewicz alitoa filamu ambayo waigizaji wake walikuwa wadudu waliokufa, miguu imeungwa kwa waya. Kwetu Afrika, Jean-Michel Kibushi wa Kongo alitoa hadithi ya chura aliyekwenda ukweni mwaka 1991. Na hapa Sweden, Niki Lindroth von Bahr alishinda tuzo ya juu ya filamu fupi kwenye tamasha la Annecy, Ufaransa, mwaka 2017, kwa Min börda. Humo wanyama wanaimba hotelini na supamaketi, yaani sehemu za kawaida kabisa. Basi na sisi tuchukue sehemu ya kawaida: Vårby gård.

Mfano wetu ni filamu ya dakika moja. Bibi katoka Tanga kumtembelea mjukuu wake. Amekaa kwenye benchi mbele ya jengo, theluji imetanda. Anasimama, anapiga hatua nne, anafika kwenye mlango unaofunguliwa kwa namba za siri, ambazo hazijui. Ananyoosha kidole hata hivyo.

1. Anza na kazi, sura baadaye

Wengi huanza kwa kuchora uso mzuri. Wewe anza kwa kuorodhesha anachofanya: kukaa, kusimama, kutembea, kunyoosha kidole. Orodha hiyo ndiyo inayokuambia viungo vipi lazima vikunjike: shingo, mabega, viwiko, nyonga, magoti, vifundo vya miguu na kile kidole. Sauti yake tutaisikia kama mawazo ya moyoni, kwa hiyo mdomo hauhitaji kusogea. Hapo umeshaokoa siku kadhaa za kazi!

2. Skeli moja kwa kila anachogusa

Tuchukue skeli ya 1:6. Bibi wa sentimita 156 anakuwa 26. Mlango wa sentimita 210 unakuwa 35. Sasa jengo: tukisema ghorofa moja ni mita 2.7, ghorofa nane zitakuwa mita 3.6 kwa skeli hiyo. Chumba gani cha mwanafunzi kitalibeba? Dawa yake ni hii: jenga kwa 1:6 mlango, benchi na ukuta wa chini tu. Majengo ya nyuma yajenge kwa 1:50, ambapo ghorofa nane hazifiki hata nusu mita. Yaweke mbali kidogo na kamera yenyewe itadanganyika.

Vårby gård inatusaidia hapa. Stesheni ya treni ilifunguliwa mwaka 1972, katika enzi za ule mpango wa Sweden wa kujenga nyumba milioni moja kati ya 1965 na 1974. Magorofa ya aina hiyo yaliungwa kwa vipande vya zege vilivyotoka kiwandani tayari. Nawe fanya vivyo hivyo: kata kipande kimoja cha kadibodi chenye dirisha, kirudie, na uache maungio yaonekane. Uhai utatoka kwenye tofauti ndogo ndogo: baiskeli kwenye baraza, pazia jekundu, taa inayowaka dirisha moja tu.

3. Mifupa

Sokota pamoja nyuzi mbili za waya laini wa alumini. Ujue kwamba alumini ikikunjwa mara nyingi huwa ngumu, halafu hukatika, na kiwiko hakikuulizi kama umemaliza kupiga picha. Kwa hiyo mkono uchomeke kwenye kijibomba kifuani, ili uweze kuubadilisha bila kumbomoa Bibi mzima. Kichwa kiwe chepesi, kiini cha karatasi na udongo mwembamba juu, kwa sababu kiko mbali na vifundo vya miguu, na kila gramu ya juu inamvuta aanguke. Nyayoni weka nati, umfunge kwa skrubu kutoka chini ya meza.

4. Kanga, ngozi na theluji

Usikate kanga halisi; ua moja litamfunika mgongo wote. Piga picha kanga nzima, ipunguze, uichapishe kwenye kitambaa chembamba cha pamba. Kanga ya sentimita 150 kwa 110 inakuwa 25 kwa 18, na jina lake bado linasomeka! Kisha igandishe kwa gundi kidogo, isisogee kila ukigusa. Katika King Kong ya 1933 manyoya yanatetemeka kwa sababu ya vidole vya aliyekuwa anamsogeza.

Theluji ya chumvi itaonekana kama kokoto. Tumia soda ya kuokea.

Na hapa ndugu zangu tuwe makini sana. Kamera ikijipimia mwanga yenyewe, weupe wa theluji utaifanya ipunguze mwanga, na uso wa Bibi utakuwa kivuli tupu. Zima otomatiki, pima mwanga usoni kwake, weka taa ubavuni na karatasi nyeupe upande wa pili. Filamu tunamtengenezea yeye. Akiwa haonekani, tumefanya nini?

5. Kumsogeza

Filamu hupita fremu 24 kwa sekunde. Ukitumia kila picha kwa fremu mbili, unahitaji picha 12 kwa sekunde, yaani 720 kwa dakika yetu. Mkono ukisafiri milimita 30 kwa sekunde moja, usigawe sawasawa. Jaribu hivi: 1, 1, 2, 3, 4, 4, 4, 4, 3, 2, 1, 1. Unaanza taratibu na kumaliza taratibu, kama mkono wa mtu mwenye uzito. Kidole kikikaribia zile namba, kiache picha sita bila kusogea. Hapo mtazamaji atajua kwamba Bibi anawaza.

Picha 720 si mchezo, lakini haba na haba hujaza kibaba. Wanne wakigawana, kila mmoja ana 180. Anayejua kushona ashike kanga, anayejua useremala ashike mlango, na mwenye sauti ya bibi aanze mazoezi. Kazi kwenu!